Mama Maria Kwenye Ndoo

Dada yangu Sesilia anakaa Masasi. Tangu mume wangu Leonardi afariki, miaka miwili sasa, kila magharibi hunitumia ujumbe wa maneno mawili: "Leo vipi?" Na mie humwandikia ya leo. Kwamba nyanya zilizokuja gengeni zilikuwa za kijani kama ndimu. Kwamba Bibi Bernadeta, tunayepanga naye nyumba moja hapa Mtoni, kagombana na kuku wa jirani na kuku ndiye aliyeshinda. Kwamba maji yametoka saa tisa mchana, wakati hakuna mtu mwenye ndoo tupu. Vitu vya namna hiyo hiyo. Ukifiwa na mume ukiwa bado kijana, watu wanataka kila wakikuona uwalilie. Sesilia alitaka tu kujua nimepika nini.

Jumatatu moja ya Oktoba nilimjibu neno moja: "Salama." Haikuwa salama, na yeye alijua, maana alipiga simu mara mbili nikaiacha iite.

Jumuiya yetu ndogo, ya Mtakatifu Monika, ina kaya kumi na nne. Mwezi wa Rozari, yaani Oktoba, sanamu ya Mama Maria hutembea nyumba hadi nyumba. Analala kwako siku mbili, watu wanakuja kusali alfajiri kabla ya kwenda makazini, kisha jioni ya pili unambeba mwenyewe hadi kwa anayefuata. Miezi mingine yote anakaa kwa mwenyekiti wetu, Mama Editha. Na sanamu hiyo aliichonga Leonardi, kwa mpingo, mwaka ule tuliofunga ndoa. Wakati anaichonga alikuwa akiniambia, "Geuka huku. Inua kidevu. Usicheke, Mama wa Mungu hachekicheki." Padri alipoibariki, mzee Wilfred wa jumuiya yetu akaitazama, akanitazama na mie mzaliwa wa Newala, akasema, "Huyu Bikira mbona kama wa Newala?" Watu wakacheka kanisani.

Leonardi kazi yake ilikuwa hiyo, kuchonga, na mchongaji hakai na kazi yake. Kila alichokimaliza kiliondoka na mnunuzi. Alipogongwa na pikipiki Kilwa Road akafa, tulipoanua matanga shemeji yangu Jonas alichukua patasi, tezo, tupa, hata kile kigoda alichokuwa akikalia. Sikumlaumu. Vyombo vya kazi kwetu vinakwenda kwa ndugu. Lakini nikabaki ndani ya chumba ambamo hakuna kitu kimoja kilichotoka mkononi mwake.

Isipokuwa Mama Maria, siku mbili kwa mwaka.

Mie ndiye niliyekuwa nampigia msasa kazi zake. Na katika kila kazi aliacha mahali pamoja, mgongoni, chini ya mtandio au chini ya nywele: makato matatu ya patasi, hayajalainishwa. "Hapo usipapige msasa," aliniambia. "Hapo ndo ninapokaa mie." Basi siku zile mbili nilisali rozari nimeweka kidole gumba hapo, kumi la kwanza mpaka la tano. Mwaka mzima nilikuwa nazihesabu hizo siku.

Mwaka huu zamu yangu ilianza jioni ya tarehe kumi na tatu. Aliyemleta ni Mwalimu Kokushubila, anayekaa nyumba ya geti la bluu mkabala na genge langu. Yeye na mumewe Theonest ni watu wa Bukoba. Wana vigae hadi uani.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, Mwalimu."

"Sikai, nimeacha wali jikoni. Mpokee Mama." Akanikabidhi, kafungwa kitambaa cheupe. "Mwaka huu kapungua, au mie ndo nimenenepa?" Akacheka, akaondoka.

Mikono yangu ilikuwa imejiandaa kwa uzito inaoujua, kama unavyojiandaa kunyanyua ndoo iliyojaa. Ikapanda yenyewe. Kichwa cha sanamu kikakaribia kunigonga kidevu.

Nilifunga mlango. Nilimfungua kwenye kitambaa, na kile kitambaa ndani kilikuwa na alama nyeusi kama ya viatu vya shule. Nikanusa. Kiwi. Nikamgeuza, nikaingiza kidole gumba chini ya mtandio. Kulikuwa laini kabisa.

Hapo ndipo simu ilipolia, ujumbe wa Sesilia, na nikaandika "Salama."

Jumanne alfajiri watu walikuja, tukasali. Nilitazama watu badala ya kufumba macho, Mungu anisamehe. Nani anamtazama Mama Maria na nani anakwepa? Mama Editha alisali macho yakiwa sakafuni. Nikadhani ni unyenyekevu. Mwalimu Kokushubila alimtazama moja kwa moja, na mie nikasema moyoni, tazama ujasiri huo.

Walipoondoka nilijaza ndoo. Kila mtu aliyekaa na wachongaji anajua: mpingo unazama. Mti wa kawaida, hata ukiupaka nini, utaelea. Nilimshika kiunoni nikasema, "Nisamehe, Mama. Sikuoshi. Nakuuliza tu." Nikamwachia.

Akaelea. Akajigeuza chali, akawa ananitazama, huku maji yakiingia weusi.

"We Anjelina! Unambatiza Mama wa Mungu?"

Bibi Bernadeta alikuwa kasimama mlango wa uani na kopo lake la maji.

"Shikamoo, bibi."

"Shikamoo yako nitaipokea ukishanieleza."

"Njoo uone mwenyewe."

Akaja, akainama huku kashika kiuno. Marehemu mumewe alikuwa mkata mpingo huko Newala, hakuhitaji kuelezwa. Alimsukuma Mama Maria chini kwa kidole, na Mama Maria akapanda tena.

"Huyu si wa marehemu wako," akasema.

"Si wake."

"Alikuwa kwa nani?"

"Kwa Mwalimu."

"Ahaa," akasema bibi.

Ile "ahaa" ningeiziba kwa kiganja ningekuwa na akili. Lakini mie mwenyewe nilikuwa na yangu. Jumapili, nikiwa gengeni, nilimwona mwanaume ametoka geti la bluu amekumbatia kitu kizito kilichofungwa khanga, kama mtu anayebeba mtoto aliyelala, akakilaza kiti cha nyuma cha gari na kuondoka. Tena miaka mitatu nyuma Kokushubila alimwomba Leonardi amchongee mwingine kama yule yule, ampelekee mama yake Bukoba. Leonardi alikataa. "Sura hiyo sirudii," alimwambia. Mwalimu alinuna mpaka Krismasi. Nilipoviweka hivi pamoja, kile kicheko chake cha "kapungua" kilianza kunichoma. Nikaona ananikejeli mlangoni kwangu.

Mchana nilimwachia bibi genge, nikaenda kwa mwenyekiti. Mama Editha alistaafu unesi, mtu wa Moshi, na kwake hakuna kitu kisichooshwa. Hata vijiko huvianika juani juu ya kitambaa, vimepangwa kama wagonjwa wodini. Alinikaribisha chai. Nilimweleza kila kitu ila ndoo. Ndoo niliona aibu.

Aliweka kikombe chini.

"Umemwambia nani?"

"Bibi Bernadeta tu."

"Bernadeta! Basi umeitangazia Temeke nzima. Sikiliza, mwanangu. Nyamaza. Kabisa. Hili ni jambo la kusali."

"Lakini Mama Maria wetu yuko wapi?"

"Mie simtaji mtu," akasema, akageuka dirishani. "Na wewe una macho, unakaa mkabala na watu. Wewe mlete tu huyo hapa kwangu nimhifadhi, nitamwambia mzee Wilfred anayefuata kwamba zamu imeahirishwa."

Niliondoka nimepata nguvu. Nikafika hadi kwenye kona ya duka la mkaa, nikapunguza mwendo. Nikasimama.

Mtu ukimwambia khanga yako imepotea kambani, atakuuliza ya rangi gani, uliifua lini. Mwenyekiti hakuniuliza nina uhakika gani. Hakuuliza makato matatu ni nini, ingawa nilimtajia. Hakuomba kumwona. Aliuliza kitu kimoja tu: nimemwambia nani.

Basi sikumpeleka. Nilimfungia kabatini, chini ya shuka zangu, na ufunguo nikauvaa shingoni pamoja na rozari.

Jumatano alfajiri nilimtoa kwa ajili ya sala. Kokushubila aliingia akasema, "Tumsifu Yesu Kristo," na kwenye chumba chenye watu kumi na saba walioitikia ni wawili, mzee Wilfred ambaye maneno ya mtaani huchelewa kumfikia, na mie kwa sauti ya chini. Mwanamke mmoja alisogeza mkoba wake upande wa pili. Bibi Bernadeta alikuwa anahesabu punje za rozari yake kwa haraka, na nilijua mdomo wake umefanya kazi gani tangu jana. Mwalimu alitazama huku na huku. Akajishika kola ya gauni, kama vile pengine limechafuka. Katika kumi la tatu niliona anafuta jicho kwa kiganja.

Nilitaka lile chozi linishawishi kuwa ni mwizi. Halikunishawishi.

Saa mbili nilimfunga yule wa kiwi kwenye khanga, nikampeleka kwa Gibson. Gibson alijifunza kuchonga kwa Leonardi, na banda lake liko bado barabarani, turubai la bluu na vumbi la mbao hadi kwenye chai.

"Ooh, shemeji! Karibu, karibu. Umetuletea mgonjwa?"

Nikamfungua Mama Maria kwenye khanga. Gibson aliacha kucheka kidogo, halafu akaanza tena.

"Mzuri. Kazi ya nani?"

"Niambie wewe."

"Mie hata siujui mkono huu, shemeji. Labda vijana wa huko mjini."

"Gibson. Tazama kidole gumba chake."

Akatazama juu, kwenye turubai.

"Leonardi alikufundisha miaka minne," nikasema, "na kila jioni alirudi nyumbani akisema, yule kijana atafika mbali ila kidole gumba kimemshinda, anakiweka kifupi kama cha chura. Hiki kidole nakijua. Nimekipiga msasa mara mia ili kisionekane."

"Kama cha chura alisema?"

"Kama cha chura."

Alicheka kweli sasa, lakini kwa uchungu, akafuta uso kwa fulana. Akaleta kigoda nikae.

"Shemeji, niliapishwa."

"Na Mwalimu Kokushubila?"

"Mwalimu yupi? Mie simjui mwalimu. Mama yenu huyo mwenyekiti. Yule nesi."

Alinieleza. Mwishoni mwa Septemba Mama Editha alikuja na ndoo imefunikwa kwa taulo. Ndani kulikuwa na Mama Maria wa Leonardi, kapasuka kutoka juu ya mtandio, kupita shavuni, hadi kifuani. Alikuwa amemwandaa kwa ajili ya mwezi wake: amemsugua kwa brashi na sabuni ya unga, akamlowesha asubuhi nzima weusi wake "utakate", kisha akamwanika juu ya bati jua la saa saba. Kama vijiko.

"Mpingo, shemeji! Juu ya bati!" Gibson alishika kichwa. "Hata mtoto wa Masasi hafanyi hivyo. Alisema ulilia pa, kama bunduki. Nikamwambia, mama, hilo si neno, nitaujaza ufa kwa unga wa mpingo na gundi, utabaki mstari tu. Akakataa. Akasema watu wataona Mama Maria kapasuka uso, watasema jumuiya imelaaniwa mkononi mwake. Alitaka mwingine ndani ya siku tatu. Mpingo wa kipande kile ningeutoa wapi kwa siku tatu? Nikachukua mwembe, nikapaka kiwi."

"Na yule wa Leonardi?"

"Kaondoka naye kwenye ndoo."

"Kampeleka wapi?"

Gibson alichukua patasi akaanza kuinoa, ingawa ilikuwa kali.

"Hakuniambia. Ila aliuliza kama mpingo unaungua vizuri."

Niliinuka nikaacha kigoda kimeanguka.

Walio Wakatoliki wanaelewa kwa nini niliinuka hivyo. Kitu kilichobarikiwa hakitupwi jalalani. Rozari ikikatika, sanamu ikivunjika, unachoma au unazika. Ndivyo tulivyofundishwa tangu komunyo ya kwanza, na hakuna anayeshika mafundisho kama Mama Editha. Na mpingo unaungua vizuri kuliko mkaa. Leonardi vipande vyake vibovu tulivipikia maharage.

Nilimkuta uani anaanika mashuka. Sikusema shikamoo, na ni mtu wa umri wa mama yangu.

"Mmemchoma au mmemzika?"

Kibanio cha nguo kilimdondoka mdomoni. Alinitazama, akamtazama yule niliyembeba kwenye khanga, akakaa chini kwenye beseni lililogeuzwa.

"Nani kakwambia?"

"Kidole gumba. Mama Editha, mmemchoma au mmemzika?"

"Niliwasha moto," akasema.

Niligeuka kutafuta majivu pale uani.

"Niliwasha moto, nikamweka pembeni usimshike haraka, nisome sala kwanza. Nikafungua kitabu. Nikamtazama." Mikono yake ilikuwa inakunja shuka lililolowa. "Anjelina, ulikuwa wewe. Na huo ufa shavuni. Nikaona nakuchoma wewe, na mume wako nimemzika juzi tu kwa mikono yangu, nilikuosha uso siku ile. Nikaumwagia moto maji."

"Yuko wapi?"

"Kinyerezi. Kwenye kiwanja changu. Chini ya mihogo."

"Na Mwalimu je? Jana mlisema nina macho. Mlijua nitamtazama nani."

Alijifuta uso kwa lile shuka safi, na ilikuwa mara ya kwanza nimemwona akichafua kitu.

Alhamisi asubuhi tulichukua bajaji hadi Kinyerezi, sie wawili na jembe katikati yetu. Kiwanja chake kiko mbali na lami, na mitambo ya gesi inasikika ikivuma kule chini. Alinionyesha tuta la tatu. Nikamwambia anipe jembe, hakukubali. Alilima mwenyewe, na sketi yake ya kanisani, mpaka jembe lilipogusa kitu laini. Tukapiga magoti tukafukua kwa mikono.

Alimzika kwa heshima, lazima niseme. Alikuwa kavalishwa khanga mpya, kalazwa juu ya majani, na medali kifuani. Nikamnyanyua, na mikono yangu ikashuka kwa ule uzito wake, mpaka viwiko vikagonga udongo. Nilimgeuza kabla sijamtazama uso. Chini ya mtandio kulikuwa na udongo. Nikautoa kwa ukucha.

Moja. Mbili. Tatu.

Nilikaa pale kwenye tuta sijui muda gani. Mama Editha alisali kimya nyuma yangu, kisha akasogea.

"Mwanangu, nimefikiri. Huyu mchukue. Kaa naye kabisa, ni wa mume wako. Yule mwingine aendelee kutembea, nitaomba padri ambariki. Nani atajua? Wewe utakuwa naye kila siku. Tufunge maneno hapa hapa."

Nisiseme uongo: nilitaka. Kwenye bajaji nilimpakata njia nzima na kidole gumba mgongoni mwake, na nilishaona pale atakapokaa, juu ya kabati, upande wa kitanda wa Leonardi. Siku mbili zingekuwa siku zote. Kilichohitajika ni kunyamaza, na mie kunyamaza ninaweza.

Bajaji ilisimama gengeni. Getini kwa Mwalimu, yule mwanaume wa Jumapili alikuwa anashuka kwenye gari lake na kile kitu cha khanga. Kokushubila alitoka kumpokea. Khanga ikateleza, nikaona chuma cheusi chenye maandishi ya dhahabu: kichwa cha cherehani, kimetoka kwa fundi. Mwalimu aliniona namtazama. Alifungua mdomo anisalimie, halafu akaufunga, akaingia ndani.

"Mama Editha," nikasema, "Jumamosi mtasema wenyewe au niseme mie?"

Jumamosi tulisalia kwa mzee Wilfred. Nilimweka Mama Maria mezani kapasuka vile vile, na udongo kidogo kwenye mkunjo wa nguo. Watu waliinuka kwenye viti. Mama Editha alisimama, akasema. Hakusema vizuri; alianzia mbali, kwenye sabuni, akataka kupitia kwenye jua la mwaka huu lilivyo kali, bibi akamkoholea. Mwishoni alisema, "Nilimwacha Mwalimu abebe aibu yangu. Niliona anaibeba, nikanyamaza." Halafu nikasimama mie, maana na mie nilikuwa na langu, nikasema kwamba wa kwanza kumshuku ni mie, na mdomo wa kwanza ni wangu.

"Wa pili wangu," akasema Bibi Bernadeta. "Kwa mbio zaidi."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Kokushubila alikuwa kakaa wima.

"Siku nne," akasema. "Siku nne nasalimia kwa jina la Yesu, na watu hamuitikii jina la Yesu." Akachukua mkoba wake. Aliaga meza kwa kupiga goti, mbele ya ule ufa, akatoka.

Kuhusu ufa tulibishana nusu saa. Wengine walitaka padri, wengine wakataka kununua mwingine wa plasta. Ikaamuliwa Gibson aujaze, na mie nipige msasa. Nilifanya kazi hiyo Jumapili yote mlangoni kwangu, unga mweusi ukinijaa puani kama zamani. Umebaki mstari mwembamba kutoka kwenye mtandio hadi kifuani. Mgongoni sikugusa. Jumatatu nilimpeleka kwa mzee Wilfred, nikamkabidhi mkewe.

"Ni mzito, shikeni vizuri," nikamwambia. "Na msimwanike."

Mwalimu hakuja gengeni wiki nzima. Alinunua nyanya zake hadi kule sokoni, nilimwona akipita na mfuko. Nilienda getini kwake mara mbili kumwomba radhi. Mara ya kwanza Theonest alisema kalala, saa kumi jioni. Mara ya pili alitoka mwenyewe, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia, Anjelina," akafunga geti polepole.

Jana alikuja. Alisimama mbele ya meza yangu, akachukua nyanya moja, akaigeuza, akaitazama chini. Akachukua nyingine. Akainusa. Aligeuza fungu zima hivyo, moja moja, na mie nimesimama kama mtoto anayesahihishiwa daftari.

"Hizi zinazama?" akauliza.

"Mwalimu..."

"Nauliza tu. Nimesikia hapa mna ndoo ya kupimia."

Nyuma yangu Bibi Bernadeta alipaliwa na chai. Mwalimu hakucheka, ila pembe ya mdomo ilimpanda kidogo. Aliweka nyanya kwenye mfuko.

"Yule mwingine," akasema. "Wa kiwi. Yuko wapi?"

"Kabatini kwangu. Hajabarikiwa. Hakuna anayemtaka."

"Mama yangu bado anamtaka. Miaka mitatu ananiuliza."

"Kidole gumba chake ni kifupi, Mwalimu."

"Mama haoni vizuri." Akafunga mfuko wa nyanya. "Na sura ni ile ile. Nimeitazama."

Nikaingia ndani kumfungulia kabati. Nilimfunga kwenye khanga yangu mwenyewe, ile nzuri, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Alimpokea, akampima juu chini kama mtu anayepima papai, akanitazama.

"Kumbe ni huyu aliyepungua, si mie niliyenenepa," akasema, akavuka barabara.

Magharibi simu ikalia. "Leo vipi?"

Nikamwandikia Sesilia kwamba nyanya zimeisha zote, moja moja, zimekaguliwa. Kwamba Bibi Bernadeta kapaliwa na chai lakini yu mzima. Kwamba nimepika mchicha na nazi. Na kwamba nina habari nyingine, ndefu, apige simu akiwa amekaa.